Catamount Imerudi, Bi Gen Hakuitwa

“Wakitaka kuirudisha Catamount watakuja kupiga magoti jikoni kwangu. Watanikuta nakunywa kahawa, na sitainuka!”

Genevieve Pytka aliyasema hayo mwaka 2004, amesimama juu ya kiti katika klabu ya Wapolandi hapa Wexham Falls, mkono mmoja kipaza sauti, mwingine bia, mbele ya watu mia mbili na mwandishi mmoja wa gazeti la mji aliyekuja kwa ajili ya pierogi za bure, maandazi ya Kipolandi yenye viazi ndani. Ilikuwa karamu ya kuagana. Kiwanda cha Pruitt na Sawtelle kilikuwa kimeamua kuacha kutengeneza Catamount, bastola yake maarufu kuliko zote, na mafundi kumi na mmoja wa chumba cha kuunganishia walikuwa wamepewa kila mmoja saa ya mkononi na siku kumi za kuondoa vitu vyao. Saa zenyewe zilisimama kabla ya Krismasi. Gazeti likachapa maneno ya Gen ukurasa wa tatu, na tangu hapo kila mtu katika mji huu, mpaka padri, anayajua kwa moyo.

Miaka kumi na saba baadaye Catamount ilirudi kweli. Hakuna aliyepiga magoti. Hakuna hata aliyepiga simu. Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisimuliwa vibaya kila ninapopanga foleni ya kahawa, na kwa sababu mimi ni mpangaji wa ghorofa ya juu ya nyumba yake. Mengi niliyaona kwa macho, mengine niliyasikia kupitia sakafu.

Tuanze na mtu mwenyewe. Gen alizaliwa mtaa wa chini, karibu na mto Connecticut, binti wa baba aliyefanya kazi ya kutia nguo rangi mpaka akazikwa na kucha za kijani. Aliingia kiwandani ana miaka kumi na tisa, akawekwa chumba cha kung’arishia, walikowekwa wanawake wote ili wapumue vumbi na washukuru. Mwaka 1976 akaomba kuhamia kwa mafundi wa kuunganisha. Msimamizi, bwana mmoja aitwaye Orrin Bascomb, alicheka hadi akakohoa.

“Mikono ya mwanamke ni ya kukandia unga, Gen.”

“Na yako ni ya nini, Orrin? Tangu nije hapa sijaiona ikishika kitu ila kikombe.”

Hapo lazima nieleze kitu kimoja, na nitakieleza mara moja tu. Ndani ya bastola ya silinda, ile yenye gurudumu la matundu sita ya risasi, mna kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa mtoto. Mafundi wa kwetu wanakiita kidole. Ukivuta nyundo kwa nyuma, kidole kinapanda na kuisukuma silinda izunguke tundu moja, kisha silinda inajifunga, tundu likiwa limeelekeana sawasawa na mtutu. Vikielekeana, risasi inapita. Visipoelekeana, risasi inagonga ukingo, inanyolewa, na vipande vya madini ya moto vinaruka pembeni, kwenye uso wa mtu. Bastola nyingi zikijifunga hubaki zinacheza kidogo kama jino la mzee. Catamount ikifunga, imefunga. Na ilifunga hivyo kwa sababu kila kidole kilipunguzwa kwa tupa na jiwe, na mtu mmoja, kwa bastola moja, huku sikio liko karibu.

Bascomb akampa Gen mtihani wa kumkomoa: bastola arobaini, vidole arobaini, siku tatu. Gen alimaliza siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana, kwa sikio tu, bila kuonyeshwa mchoro wowote. Thelathini na tisa zilifunga. Ya arobaini aliirudisha na kikaratasi: “Fremu imepinda. Muulizeni aliyeipitisha.” Aliyeipitisha alikuwa Bascomb. Gen akapewa meza namba saba, na hakuondoka hapo kwa miaka ishirini na minane.

Sasa lile jambo la aibu, aibu yetu sote wa mji huu, kwa hiyo bora nilitoe mapema. Siku ya kwanza mezani, Gen alipewa mwalimu, Armand Letourneau, Mfaransa wa Kanada aliyezungumza mara mbili kwa wiki. Armand akamkabidhi mchoro rasmi wa kidole, wenye vipimo vyote, mhuri na sahihi. Gen akaanza kuusoma. Armand akaunyakua, akaukunja mara nne na kutua kikombe chake cha kahawa juu yake.

“Hiyo ndiyo kazi yake, dada.”

“Lakini kipimo si kiko humo?”

“Kipimo kimekosewa. Tangu mwaka hamsini na nane, walipounakili mchoro upya. Ukifuata karatasi utapunguza kupita kiasi. Wewe simama unene wa nywele mbili kabla ya hapo.”

“Nywele za nani?”

“Zako. Zangu zimekwisha.”

“Na kwa nini hamjawaambia wachoraji?”

Armand akanywa kahawa. “Wamewahi kutuuliza?”

Ndivyo ilivyokuwa. Wachoraji walikaa ghorofa ya juu na kula kwenye meza zenye vitambaa. Mafundi walikaa chini na kula juu ya masanduku. Wa juu hakushuka kuuliza, wa chini hakupanda kusema. Kila fundi mpya alipewa karatasi na kikombe, watu wakacheka, na kazi ikaendelea. Ilikuwa ndiyo fahari yao: maadamu karatasi ina uongo, bosi hawezi kutuacha. Gen naye alicheka. Gen naye aliwakunjia karatasi watatu waliomfuata. Kwa miaka arobaini na sita kiwanda kilitoa bastola bora kuliko mchoro wake, na ghorofa ya juu wakajipongeza kwa mchoro.

Kilipofungwa kile chumba, Gen alikwenda kukata nyama kwenye kaunta ya duka kubwa. Wateja walisema vipande vyake vyote vilikuwa na unene mmoja, ukivipanga huoni ushono. Mumewe Walt akafariki. Mafundi wakafuatana: moyo, mapafu, ngazi yenye barafu mwezi wa pili. Mpaka tunaingia kwenye kisa hiki walikuwa wamebaki wawili. Mmoja ni Gen. Mwingine ni Armand, na Armand yuko kwenye nyumba ya wazee, anamwita kila muuguzi kwa jina la dada yake aliyekufa.

Catamount ni jina la zamani la puma wa milima ya kwetu. Puma wenyewe walikwisha, jimbo limeandika na kuweka mhuri, lakini kila majani yanapogeuka rangi hakosekani mtu aliyemwona nyuma ya ghala la shemeji yake. Basi na bastola ikawa vilevile. Kila vuli kulikuwa na mtu aliyesikia kwamba inarudi. Ubishi huo ulikuwa na makao makuu, nayo ni duka la silaha la Duane Hatheway, penye viti vinne na jiko la kuni, ambapo wanaume wasionunua kitu hutumia siku nzima kuamua mambo ya dunia.

“Itarudi,” alikuwa akisema Duane. “Watu wanaitaka. Za zamani zinauzwa kama almasi.”

“Irudi na nini?” Gen akamjibu siku moja nikiwepo. “Mashine waliziuza kwa uzito wa chuma. Vishikizo vya kubania vipande wamevitupa. Fundi wa kufua springi amelala makaburi ya Mtakatifu Kazimiri. Kinachoweza kurudi ni jina, Duane. Jina ni rahisi. Hata mimi nikifuga paka nitamwita Catamount.”

“Siku hizi kuna kompyuta, Gen.”

“Mashine si adui yangu. Mashine ukiiambia ukweli itafanya ukweli, mara elfu, bila kwenda chooni. Swali langu ni nani atakayeiambia.”

Duane akasogea kwenye jiko. Akatia kuni.

Masika ya 2021 ndipo walipotangaza. Wenye kiwanda wapya ni wawekezaji wa mbali. Walikuwa wamenunua jina, jengo na maegesho, kwa mpangilio huo wa umuhimu. Wakatoa video. Tulijaa dukani kwa Duane kuiangalia kwenye kompyuta yake. Muziki wa fidla. Ukungu juu ya mto. Kisha mikono ya mzee, karibu kabisa, ikisugua chuma kwa tupa, na maandishi: “Imerudi. Imetengenezwa kwa mikono, kama zamani.”

Gen akasogeza miwani.

“Rudisha hapo. Rudisha!”

Duane akarudisha.

“Anavuta,” akasema Gen. “Mungu wangu, anaivuta tupa. Tupa inakata ikisukumwa! Huyo hatengenezi bastola, huyo anaikuna mgongo. Na hebu tazama kucha. Hizo kucha zimepigwa rangi ya maji. Hayo ni mapaja ya mtoto mchanga, siyo mikono ya fundi!”

Watu walicheka mpaka Duane akalazimika kuketi. Gen hakucheka. Alijua, na sisi tulijua, kwamba hakuna tupa itakayogusa bastola hiyo. Kila kipande kilikuwa kinakatwa na mashine ya kompyuta kwa kufuata michoro ya kampuni, na mikono pekee iliyohusika ilikuwa ya muigizaji aliyelipwa kwa siku.

Hata hivyo alisubiri simu. Hakuniambia anasubiri, lakini mtu anayeishi juu ya mtu hafichwi. Alinunua kahawa ya bei mbaya na kopo la biskuti za siagi, akasema ni za padri, na padri wetu ana kisukari. Alishusha sanduku la vifaa vyake kutoka darini: tupa alizozichonga mwenyewe, mawe yaliyokwisha kuchukua umbo la kidole gumba chake. Akavipaka mafuta. Alikuwa na miaka sitini na tisa na vifundo vya mkono wa kulia vimeanza kuvimba asubuhi.

“Mwaka mmoja tu,” aliniambia tukiwa tunasafisha mtaro wa paa. “Wanipe meza na vijana wawili wenye masikio. Pesa zao sitaki. Baada ya mwaka huu mkono hautafunga ngumi.”

Simu haikulia. Bastola zikaingia madukani mwezi wa tano.

Mwezi wa sita nilimpeleka dukani kwa Duane, alikuwa anatafuta mafuta ya cherehani. Tulimkuta Rosalind Tefft, dereva wa basi la shule, mtu mpole aliyebeba nusu ya watoto wa mji huu bila hata kumkanyagia mmoja kofia. Alikuwa na kovu jipya la nyuzi tatu chini ya jicho la kushoto. Juu ya kaunta ilikuwepo Catamount mpya. Alikuwa ameinunua kwa kumbukumbu ya baba yake aliyefanya kazi chumba cha kung’arishia, akaenda kuipiga kwenye uwanja wa shabaha, na risasi ya tatu ikatema vipande vya moto usoni.

“Nimewarudishia kiwandani,” akasema. “Wameirudisha wiki mbili baadaye na barua. Eti iko ndani ya vipimo.”

“Ni kweli, hata mimi nimeijaribu,” akasema Duane. Akaifungua, akaonyesha kuwa haina risasi, akavuta kifyatulio haraka mara sita. Kla, kla, kla. “Unaona? Inafunga.”

“Lete hapa,” akasema Gen.

Hakuvuta kifyatulio. Aliishika karibu na sikio, akaivuta nyundo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. La nne nyundo ilifika mwisho na silinda ilikuwa haijajifunga. Akaisukuma kwa ncha ya ukucha ikazunguka, wazi kabisa, sote tukiona.

“Ukivuta kwa kasi silinda inabebwa na kasi yake, inafika yenyewe,” akasema. “Ukivuta pole pole, kama anavyovuta mtu mwenye adabu, kidole kinaishiwa njiani. Ni kifupi.” Akaiweka chini. “Ni kifupi kwa nywele mbili.”

Sijawahi kumwona mtu akigeuka rangi vile. Rosalind akadhani amezidiwa, akamletea kiti.

“Wamefuata karatasi,” akasema Gen. “Wapumbavu hao wamefuata karatasi.”

Nikamuuliza ndani ya gari: “Utakwenda kuwaambia?”

“Wana simu. Watakuja.”

“Bi Gen, jicho la yule mama…”

“Nimeliona! Unadhani mimi kipofu? Endesha.”

Kesho yake saa mbili asubuhi aligonga mlango wangu amevaa koti la kanisani, joto la mwezi wa sita. Hakusema neno ila “Washa.” Basi mwanamke aliyeapa mbele ya watu mia mbili kwamba hatainuka, akainuka, na ni mimi niliyemwendesha.

Kiwandani kuna lango na kibanda. Mlinzi akamuuliza kama ana miadi.

“Nina meza,” akasema Gen. “Namba saba.”

“Mama, maoni ya wateja yanajazwa kwenye mtandao.”

“Mwanangu, mimi siyo mteja. Nimetengeneza zaidi ya elfu tisa. Piga simu huko ndani uwaambie kuna mtu anajua kwa nini zinatema.”

Neno “zinatema” lilifungua lango. Tulikalishwa mapokezi nusu saa. Palipokuwa na chumba cha kuunganishia sasa pana viti vya rangi ya chungwa na mtungi wa maji yenye vipande vya matango. Kisha akatoka kijana mmoja, meno mengi, jina Brantley Coyle. Cheo chake, na nitakiandika kama kilivyokuwa kwenye kadi kwa sababu mtu ataniita mwongo, kilikuwa Makamu wa Rais wa Urithi.

“Bi Pytka! Mfanyakazi wa zamani! Tunazipenda sana hadithi zenu. Ungekuwa tayari tukurekodi?”

“Nirekodi nikifanya nini? Nikivuta tupa?”

Coyle akatabasamu bila kuelewa. Akatuingiza ofisini. Gen hakuzunguka. Akamwambia: mchoro wa kidole umekosewa, najua kwa kiasi gani, na mimi ndiye wa mwisho anayejua. Nataka meza, wanafunzi wawili, mwaka mmoja. Malipo yangu mkamnunulie maua Armand Letourneau, yuko nyumba ya wazee. Mimi sihitaji.

“Mama, na heshima zote, mchakato wetu wa sasa hauhitaji meza.” Akatandaza mchoro juu ya meza, chapa safi iliyotolewa na mashine. “Huu ni mchoro wa asili. Umetoka kwenye hifadhi yetu.”

Gen akainama. Ulikuwa uleule, hata sahihi ya mchoraji wa mwaka hamsini na nane kwenye kona. Hakuna duara la kikombe, hiyo ndiyo tofauti pekee.

“Ndiyo huo,” akasema. “Ndiyo huo uongo.”

“Mlikuwa mnajua?”

“Sote.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla sijafika.”

Coyle akaegemea kiti. Tabasamu likabadilika likawa kitu kingine, kitu cha wanasheria. “Kwa hiyo mafundi wenu walijua kuwa hati ya usalama ya kampuni ina kosa, kwa miongo mitano, na hakuna aliyetoa taarifa. Bi Pytka, ningekushauri ufikiri sana kabla ya kuendelea kulisema hilo.”

Nilitaka kumrukia. Watu waliokula juu ya masanduku miaka yote hiyo, wakiinyoosha kazi ya waliokula juu ya vitambaa, leo wanaulizwa na mtoto wa matango kwa nini hawakuandika barua! Lakini nilipomtazama Gen nikanyamaza. Swali lilikuwa limemwingia. Lilitoka kwenye kinywa kibaya, ndiyo, lakini lilikuwa swali.

Akafunga vifungo vya koti. “Meza hakuna?”

“Hakuna, mama. Ila kama ungependa kutupatia hiyo namba ya kipimo sahihi kwa hiari…”

“Kwaheri.”

Tukatoka. Nikawasha gari, nikafika langoni, mlinzi akainua kizuizi.

“Zima,” akasema Gen.

“Hapa? Tumeziba njia.”

“Nimesema zima.”

Alikaa pale, mkoba mapajani, lori la mizigo likipiga honi nyuma yetu. Namba ile ilikuwa mali yake pekee. Akiwapa, hawatamhitaji tena hata kwa kumrekodi. Asipowapa, wataendelea kutoa vidole vifupi, mamia kwa wiki, vyote sawa kama mapacha, mpaka Rosalind mwingine apoteze jicho. Watachunguza, watakisia, watafika siku moja. Lini, hakuna ajuaye. Lori likapiga honi tena.

“Wangekuja kwa magoti ningewapa siku ileile,” akasema. “Nyie hamjui tu. Ningewapa na biskuti.”

Akafungua mlango, akarudi ndani kwa miguu, nami nyuma yake, nikimwachia mlinzi ufunguo na matusi ya dereva wa lori. Coyle alikuwa amekwenda kula. Mchoro ulikuwa bado umetandazwa mezani. Gen akamwomba msichana wa mapokezi kalamu nyekundu. Akaikata ile namba kwa mstari mmoja, akaandika ya kweli juu yake, kwa mwandiko wa shule ya watawa. Chini akaandika: “Genevieve Pytka, fundi, meza namba saba. Tulikuwa kumi na mmoja. Tulijua. Ilitupasa kupanda ngazi.” Akatia tarehe. Akamrudishia msichana kalamu na kumwambia asante.

Walisimamisha utengenezaji wiki ileile. Ina maana waliisoma. Ina maana walielewa. Mwezi wa nane likatoka tangazo la kuwaomba wanunuzi warudishe bastola zao zirekebishwe bure, na gazeti letu likalichapa lote. Nalinukuu kwa sababu nisipolinukuu nitapasuka: “Wahandisi wetu wamebaini kosa la kihistoria la nyaraka, lililotokana na uzembe wa kutotoa taarifa kwa upande wa watumishi wa zamani ambao hawapo tena kazini, na wamelisahihisha kwa utafiti wa kina.”

Utafiti wa kina! Kalamu nyekundu ya kuazima! Watumishi ambao hawapo tena kazini! Tisa kati yao hawapo tena duniani, bwana mkubwa. Wapi tuwapelekee nakala? Aliyekosea mwaka hamsini na nane alikuwa mtu wa ghorofani. Hakutajwa. Aliyesahihisha alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tisa aliyevaa koti la sufu kwenye joto. Hakutajwa. Waliotajwa ni wale walioifanya bastola hiyo iwe na jina la kuuzika hata baada ya miaka kumi na saba, na wametajwa kama wazembe. Rosalind alilibandika tangazo hilo kwenye basi lake na kuandika juu yake neno moja ambalo bodi ya shule ilimwomba alifute.

Nilishuka na gazeti nikimwaga moto. Gen alikuwa anamenya viazi.

“Wanasema uongo!” nikamwambia.

“Soma tena,” akasema. “Hatukutoa taarifa. Ni kweli. Niliandika mwenyewe.” Kisu kikasimama. “Wangekuwa wamedanganya ningelala vizuri zaidi. Wamechukua lile nililokiri na kuacha lile nililotoa.”

Akamaliza viazi. Vipande vyote unene mmoja.

Mwezi wa tisa ikaja bahasha kutoka Ofisi ya Urithi. Nilikuwepo alipoifungua. Hapakuwa na barua. Mlikuwa na kuponi, karatasi ngumu yenye picha ya puma, punguzo la asilimia kumi kwa ununuzi wa Catamount mpya, “kwa rafiki wa familia yetu.”

Aliibeba mpaka kwa Duane. Sikujua anataka nini, na nadhani hata yeye hakujua. Duane akaigeuza akasoma maandishi madogo ya nyuma.

“Haifanyi kazi hapa, Gen. Ni ya kununulia moja kwa moja kwao kwa mtandao.”

“Bastola mtu anainunua kwa mtandao?”

“Hapana. Lazima ipitie dukani. Kwangu.”

“Ambako kuponi haifanyi kazi.”

“Ndiyo.”

Mtu mmoja kwenye viti vya jiko alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

“Unazo za sasa? Zile zilizosahihishwa?”

Duane akatoa moja kwenye kabati la kioo, akaifungua kuonyesha haina kitu, akampa. Gen akavua miwani. Akaiweka karibu na sikio, akavuta nyundo kwa kidole gumba kilichovimba, pole pole, na jiko likasikika likipasua kuni. Tundu la kwanza. La pili. La tatu. La nne. La tano. La sita. Akajaribu kuisukuma silinda kwa ukucha, kila tundu, mara sita, na mara zote sita haikucheza.

“Imefunga,” akasema.

Duane akaegemea kaunta. “Nzuri, eh?”

“Imefunga, nimekwambia.” Alikuwa bado ameishika. “Bei?”

“Dola elfu moja mia sita arobaini na tisa, kodi haijaongezwa.”